Matanga ya Mtu Aliye Hai

Sogeeni na nyungo zenu. Mikono iendelee kuchambua dagaa, masikio mnipe mimi. Nikisema "Kale," mnaitika "Itujie." Asiyeitika atainuka akanichotee maji.

Kale.

Itujie.

Iwajie basi, na mkiiona chungu msininunie, maana si mimi niliyeipika.

Kale hiyo, milima ya ng'ambo ilipokuwa bado inahamahama ikitafuta pa kukaa, ziwa letu lilijaa ngege. Watu waliwala samaki hao, ndege wakawala, mamba wakawala, na bado walibaki. Ngege hao walizaliana mahali pamoja tu, Ghuba ya Mafunjo. Mnamjua mama ngege, nyinyi mnaojua kumla tu? Watoto wake huwalea mdomoni. Hali kitu, amefumba kinywa mpaka wajifunze kuogelea. Ukimvua huyo umevua ukoo mzima. Kwa hiyo mvua za kwanza zikianza, watu wa ufukwe walikubaliana, kamba ya mafunjo ikafungwa mlangoni mwa ghuba, mti huu hadi mti ule, na hakupita mtu mpaka mvua ziishe.

Kamba ilikuwa na mlinzi, mwanamke aliyeitwa Nyakwesi. Mumewe, Masatu, alitega migono kwenye maji mafupi. Hawakuwa na mtoto. Nyakwesi aliipenda ghuba ile kama wengine wanavyopenda wajukuu, asubuhi anakwenda kuitazama, jioni anakwenda kuitazama.

Sasa, sheria ile ilikuwa na mlango mmoja. Aliyefiwa aliruhusiwa kupita, avue kitoweo cha kulisha watu waliokuja kulia naye. Alijifunga ukambaa wa mgomba kichwani, akaja ufukweni analia, Nyakwesi akamlegezea kamba. Wala hakuulizwa neno. Mfiwa haulizwi, ndivyo walivyosema, kumuuliza ni kumtukana marehemu. Mimi siwalaumu waliotunga sheria hiyo. Walikuwa watu wa huruma, hawakujua watazaa watu wa namna gani.

Walimzaa Kubega. Huyu wakati wa mvua alichoka kula mlenda kama walivyokula wenzake. Alikuwa na mdogo wake, Manumbu, aliyeoa ng'ambo ya ziwa akakaa huko huko. Siku moja Kubega akaja na ukambaa kichwani, anagaragara mchangani, Manumbu amekufa, Manumbu amekufa. Akalia, akapita, akavua. Watu wakakaa matanga, wakala ngege wanono, wakamsifu marehemu.

Mvua hazijaisha, akapita mchuuzi wa chumvi kutoka ng'ambo, analeta salamu za Manumbu. Mngedhani watu walikasirika. Hawakukasirika, wanangu. Kila mmoja alianza kufikiria jamaa zake walio mbali.

Mmoja akamlilia shangazi aliyeolewa nchi nyingine. Akalia, akapita, akavua. Mwingine akamlilia babu aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Akalia, akapita, akavua. Mwingine, sikieni aibu hii, akamlilia mama mkwe wake, na mama mkwe yuko nyumbani anasaga mtama. Jioni bibi huyo akala matanga yake mwenyewe akasifu mchuzi.

Mnacheka. Nao walicheka hivyo hivyo.

Nyakwesi hakucheka. Kila alipolegeza kamba aliwaona wakirudi na mama ngege, na vitoto vikimwagika vinywani mwao ndani ya mtumbwi kama pumba. Akaenda kwa Mzee Mugeta, mkubwa wa ufukwe. Akamwambia ghuba inakwisha, na akamweleza alilokuwa amelifikiria.

"Tuifunge kwa wote, baba, hata kwa mfiwa. Mfiwa tumpelekee chakula sisi, kila jiko litoe bakuli lake."

Mzee Mugeta akajifuta mdomo. Ulikuwa bado una mafuta ya ngege.

"Mama Nyakwesi, tupike sisi kwa msiba wa mwenzetu, na samaki wamo ghubani? Na wewe utamuuliza nani kama amefiwa kweli? Siku ukimuuliza aliyefiwa kweli, uso utauweka wapi?"

Nyakwesi akarudi nyumbani. Masatu akamshauri alegeze tu, asije akachukiwa na mji mzima. Akalegeza. Na mimi nikiisimulia hapa huwa namkasirikia, halafu najiuliza, peke yake angefanya nini.

Kale.

Itujie.

Ghuba ikanyamaza. Mvua zikaisha, kamba ikafunguliwa kwa kila mtu, na hakukuwa na cha kuvua. Masatu aliinua migono yake akakuta majani. Akainua tena, majani. Mzee yule hakuyajua maji marefu, maisha yake yote alivua akiiona nchi kavu. Lakini njaa haikumwachia nafasi. Akausukuma mtumbwi wake mdogo akaenda walikokwenda vijana wenye mitumbwi mikubwa. Upepo ukamkuta huko. Asubuhi mawimbi yakamrudisha, yakamlaza pale pale kwenye mti wa kamba.

Nyakwesi akapiga ukelele. Zamani ukelele wa msiba ulimfanya mtu aache chungu motoni akimbie. Siku hiyo hakukimbia mtu. Waliusikia, nyumba hii na nyumba ile, wakatazamana. Hata yeye leo, walisema. Na amechelewa, ghuba imeshakwisha.

Akajifunga ukambaa, akapita mji mzima analia, kutafuta watu wa kumbeba mumewe. Akafika kwa Kubega, amekaa mlangoni anashona wavu.

"Dada," Kubega akasema, "na wewe umemuua nani?"

Mfiwa haulizwi. Yeye akaulizwa.

"Masatu," akajibu.

"Masatu nilimwona jana anasukuma mtumbwi." Akaendelea kushona.

Nyakwesi akachukua jembe, akaenda kuchimba mwenyewe. Alikuwa bibi kama mimi, mnaiona mikono yangu. Anachimba, mchanga unarudi. Anachimba, mchanga unarudi. Ndipo ukatia nanga mtumbwi mgeni, akashuka mwanamume mwenye mvi amebeba kapu la viazi. Akamwona mama, akamwona maiti, hakuuliza kitu. Akaweka kapu chini, akapokea jembe. Wakamzika Masatu wawili hao. Walipomaliza, Nyakwesi akamwuliza yeye ni mtoto wa nani.

"Mimi Manumbu, mama. Nimekuja kumsalimia kaka yangu, Kubega."

Nyakwesi akajipangusa mchanga mikononi.

"Matanga yako tulishayakaa, mwanangu. Kaka yako alilia sana. Tulikula ngege, na watoto wao mdomoni."

Manumbu akakaa kwenye mchanga mbichi wa kaburi. Hakukasirika, aliona aibu, aibu ya mtu aliyejua ameuzwa kwa mchuzi. Kisha akalisogeza kapu la viazi mbele ya mama yule.

"Basi hivi ni vya matanga ya mzee," akasema. Akapanda mtumbwi wake akarudi ng'ambo. Kwa kaka yake hakufika, siku hiyo wala siku nyingine.

Watu walipoliona kaburi walikuja, vichwa chini, na kwa kuwa ghubani hamkuwa na kitu, kila mmoja alikuja na bakuli la jikoni kwake. Nyakwesi hakulipokea hata moja. Alikula viazi vya ng'ambo. Akaikunja kamba akaiweka miguuni mwa Mzee Mugeta, na tangu hapo hakuitazama tena ghuba.

Ndiyo maana hapa kwetu Ghuba ya Mafunjo ikifungwa inafungwa kwa wote, na mfiwa analetewa chakula na majirani. Wageni hutusifu kwa desturi hiyo nzuri. Hawajui imetoka wapi. Na ngege hawakurudi kama walivyokuwa, ndiyo maana mnachambua dagaa.

Siku mkiona ruhusa ya mwenye shida inatumiwa na asiye na shida, msicheke, hata kama mchuzi ni mtamu. Aliyefiwa kweli yuko nyuma yenu anakuja, na anaweza kuwa wewe.

Kale nimeirudisha majini nilikoitoa. Inueni nyungo, jua litazame dagaa.