Mbege ya Elifuraha

"Mlevi hapimwi kwa shati." Mmeisikia leo sokoni, mkacheka, sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Si ya kuchekwa. Methali hii ilianza hivi.

Kwetu mlimani, anayeposa alibeba mwenyewe kichwani mtungi wa kwanza wa mbege, ile pombe ya ndizi, na hakutia kitu mdomoni mpaka wakwe waionje. Elifuraha aliishika desturi hiyo barabara. Shida ni kwamba alikuwa na kisukari, na asubuhi ile alikuwa ameshajidunga sindano yake ya kushusha sukari. Ukweni hakuna aliyejua. Aliona haya kuwaambia.

Akafika kwa mkwewe, Mzee Ndosi, anayumba, jasho linamtiririka, mbege imemwagikia shati zima. Mama mkwe alipomkaribisha, Elifuraha alimwita mama huyo kwa jina la ng'ombe wake wa nyumbani, kisha akauliza kama ameshakamuliwa.

Wengine wakacheka. Wengine wakatazamana tu.

"Ameinywa pombe ya posa njiani!" Mzee Ndosi akafoka. "Posa imekufa. Mtoeni!"

Kabla hajatolewa, akaanguka. Tabibu wa zahanati, aliyekuwa miongoni mwa wageni, akainama, akanusa shati.

"Mlazeni kivulini. Pombe ikimtoka ataamka."

Hapo Ndeshi, binti anayeposwa, akatoka ndani. Ilikuwa mwiko kumsogelea mposaji kabla mbege haijapokelewa.

"Wewe Ndeshi, rudi! Unatuvua nguo!" shangazi yake akapiga kelele.

Hakurudi. Alipiga magoti, akasogeza pua mdomoni mwa Elifuraha.

"Baba, mdomo haunuki pombe."

"Ananuka kama pipa, unasema hanuki?"

"Linalonuka ni shati. Kwani shati ndilo limekunywa? Tabibu, njoo unuse huku."

Tabibu akanusa. Akaagiza mkoba wake zahanati, hapo jirani, akamtoboa Elifuraha kidole, akatazama kipimo.

"Sukari imemwisha mwilini! Tungemwacha alale, tungemzika."

Akamtia maji ya sukari kwenye mshipa. Watu walisimama wameshika vichwa, hawajui waombe radhi au waombe Mungu. Hatimaye Elifuraha akafumbua macho.

"Mmeionja?" akauliza.

Mzee Ndosi alichota mbege kwa kata, akainywa mbele ya wote mpaka ikaisha. Akajifuta ndevu.

"Nimeipokea," alisema. "Na ninyi mlio hapa, mkawaambie na watoto wenu: mlevi hapimwi kwa shati."