Mama Kidoa na Mtungi Unaokoroma

Paukwa!
Pakawa!
Sahani zetu?
Zimefunikwa!
Na masikio yetu?
Yamefunuliwa!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, wenzako nao wapate moto. Na anayetaka kukohoa akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda gulioni kama sisi tunavyokwenda, palikuwa na kanga mmoja. Bintiye aliitwa Kidoa, kwa hiyo yeye watu walimwita Mama Kidoa. Mama huyu alikuwa na sauti, jamani! Akiamka, kijiji kizima kimeamka. Akicheka, ng'ambo ya mto wanauliza nani kaoa. Majirani walikuwa wakimwambia, "Mama Kidoa, punguza kidogo." Naye huwajibu, "Nipunguze niiweke wapi?"

Basi Kidoa akaposwa. Mama akafurahi, akapiga vigelegele mpaka akakaukiwa koo. Halafu akaingia jikoni, akatazama vyombo vyake. Chungu kimoja kina ufa, kingine hakina shingo. Pilau la harusi litapikwa ndani ya nini? Wakwe waje wagawiwe vijiko viwili viwili kama dawa? Mama Kidoa akaona aibu kabla hata ya wageni kufika.

Sasa, pale gulioni palikuwa na duka la Kenge. Mnamjua Kenge? Mrefu, mpole, mwenye ngozi ya mabakabaka na macho yasiyopepesa. Kenge huyo alikuwa amesimama mlangoni, anaimba:

"Chukua leo, lipa polepole! Chukua leo, lipa polepole! Riba hakuna, jamani, riba hakuna!"

Na hapo mbele, juu ya mkeka, kulikuwa na sufuria ya shaba. Kubwa! Kanga watatu wangeweza kuoga humo bila kugusana. Mama Kidoa akaizunguka, akaigonga kwa mdomo, ikalia ngoo! Roho yake ikaipenda pale pale.

"Mzee Kenge, shikamoo. Hii bei gani?"

"Marahaba, Mama Kidoa. Bei ya nini sasa hivi? Wewe beba. Mtama utaleta kidogo kidogo mpaka vitimie vibaba ishirini. Kibaba kimoja kila gulio kinatosha, usijitese. Riba hakuna."

Halafu Kenge akachukua kitambaa, akaanza kupangusa vumbi kwenye rafu, na huku anapangusa akasema kwa sauti ya chini, "Mpaka tone la kwanza la mvua. Likidondoka hujamaliza, ni yai moja kwa kila siku, tangu leo unapobeba."

Mama Kidoa alisikia. Msije mkasema hakusikia. Masikio yalisikia, lakini macho yalikuwa kwenye sufuria. Akacheka, "Mayai gani, mzee wangu? Mimi mwaka huu hata moja sijataga! Na mvua yenyewe iko wapi? Kiangazi ndio kwanza kimeanza."

"Ndiyo maana nakupenda, Mama Kidoa," akasema Kenge. "Huna wasiwasi."

Akampakia ile sufuria mgongoni. Kisha akatia ndani mwiko mpya, mrefu, wa mti mzuri. Mama Kidoa akatabasamu. Nanyi mnajua desturi ya gulioni kwetu: ukinunua mchicha, unaongezewa shada, ukinunua dagaa, unaongezewa gao la mkono. Muuzaji asiyetoa nyongeza anasemwa kijiji kizima. Basi Mama Kidoa akasema, "Na nyongeza juu! Ahsante, Mzee Kenge, una utu." Kenge akatabasamu naye. Hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Akiwa anatoka, akasikia kitu kwenye pembe ya duka, ndani ya mtungi uliofunikwa: khorrr... khorrr...

"Mzee Kenge, nani anakoroma?"

"Upepo tu, Mama Kidoa. Nenda salama."

Akaenda zake, sufuria mgongoni, anaimba njia nzima.

Ikawa kila gulio, Mama Kidoa anapita mashambani kuokota mabaki ya mtama yaliyoachwa na wavunaji, anapata kibaba kimoja, anakipeleka. Na Kenge kila mara anasema, "Kinatosha, kinatosha, usijitese." Katikati ya kiangazi, siku moja akiwa dukani, akasikia tena: khorrr... khorrr... Safari hii mtungi ulikuwa unatikisika kidogo.

"Mzee Kenge, nani anakoroma?"

"Panya tu, Mama Kidoa. Nenda salama."

Akaenda. Lakini njiani akamkuta jirani yake Nungunungu ameketi katikati ya shamba lake la muhogo. Nasema shamba la muhogo, lakini muhogo wenyewe haukuwepo. Mashimo matupu! Na Nungunungu, dume zima na miiba yake, analia.

"Jirani, kulikoni?"

"Nilichukua godoro kwa Kenge," akasema Nungunungu. "Akaniambia riba hakuna mpaka mwezi uandame. Akaniambia kibaba kimoja kila gulio kinatosha. Nikapeleka kibaba kimoja kila gulio, sikukosa hata mara moja. Mwezi ukaandama, nimebakiza kibaba kimoja tu, Mama Kidoa. Kimoja! Asubuhi nakuta shamba limeng'olewa lote. Namuuliza Kenge, ananiambia ndiyo riba ya tangu siku ya kwanza."

"Na godoro liko wapi?"

"Godoro nililitoboa usiku ule ule nilipolilalia," akasema Nungunungu. Akazidi kulia.

Jamani, msicheke. Haya, chekeni kidogo, imetosha.

Mama Kidoa akaondoka pale mbio. Maana wakati ule alikuwa ameshataga! Chini ya kichaka, ndani ya majani makavu, alikuwa na kiota kimejaa mayai, kila moja ameligeuza kwa mdomo wake, kila moja analijua sura. Na yai moja kwa kila siku, tangu siku aliyobeba sufuria, ni mayai yote. Yote kabisa! Hata kama Kenge angeachwa ayahesabu kwa upole, lisingebaki hata la kuonyesha wageni. Ndipo Mama Kidoa alipoogopa. Ule utani wa "mayai gani" ukamrudi kooni.

Tangu siku hiyo hakusikiliza tena habari za "kinatosha". Alfajiri yumo mashambani, jua kali yumo mashambani, jioni yumo mashambani. Kidoa anaatamia mayai, mama anaokota. Mama akirudi anaatamia, Kidoa anaokota. Akapeleka vibaba viwili, akapeleka vitatu, akapeleka mpaka Kenge akaanza kununa. "Una haraka gani, Mama Kidoa?" "Nina haraka tu, mzee wangu."

Hatimaye, siku ya gulio, wingu la kwanza likiwa linachungulia nyuma ya kilima, Mama Kidoa akamwaga kibaba cha mwisho mbele ya Kenge.

"Nimemaliza?"

"Sufuria umemaliza, Mama Kidoa," akasema Kenge, na macho yake hayakupepesa. "Nenda salama."

Lo! Mama Kidoa akapiga kigelegele, duka zima likatikisika. Akageuka aondoke, anacheza. Mguu mmoja umeshatoka nje, akasikia: khorrr... KHORRR... KHORRR!

Akasimama. "Mzee Kenge, kama nimemaliza, huyu anakoroma kwa nini?"

"Upepo..."

"Upepo gani una pua?"

Kabla Kenge hajazunguka meza, Mama Kidoa ameshafika pembeni, ameshafunua mtungi. Mna kitu! Mna jitu limejikunja, limenona, tumbo limebana kuta za mtungi, mashavu yanang'aa kwa mafuta. Likafungua jicho moja.

"Funika, naona baridi," likasema.

"Nani wewe?"

"Mimi Riba."

"Mbona niliambiwa hupo?"

"Nipo. Nimelala."

"Unakula nini hata ukanona hivyo?"

"Nakula siku zako, Mama Kidoa. Kila jua likichwa namega moja. Ukimaliza deni kabla ya tone la kwanza, yote niliyokula natapika, nakufa njaa. Ukibakiza hata punje, naamka, nakuja kwako na tumbo la siku zote."

"Lakini nimemaliza!"

"Umemaliza sufuria," likasema lile jitu, likapiga mwayo. "Mwiko je?"

"Mwiko! Mwiko si nyongeza?"

"Aliyekuambia nyongeza nani? Mimi sisemi uongo, kazi hiyo ina mwenyewe hapa dukani. Mwiko ni kibaba kimoja, na haujalipwa. Haya, funika."

Mama Kidoa alihisi kama ardhi inayeyuka. Mwiko! Mayai yake yote yaende kwa ajili ya mwiko! Lakini hakukaa chini kulia. Kidoa alikuwa nje na kikapu cha mtama wa harusi. Mama akakinyakua, akarudi mbio. "Mzee Kenge, pima kibaba kimoja, hesabu mwiko, tuachane!"

"Aa, leo nimechoka kupima," akasema Kenge.

"Nitapima mimi."

"Aa, kibaba changu sikioni."

"Hicho hapo mkononi mwako!"

"Aa, nimefunga duka. Njoo kesho."

Na wingu lilikuwa limeshafika juu ya kilima, jeusi tii. Kenge akaficha kibaba kwapani, akatoka kwa mlango wa nyuma, huyooo anakimbilia mtoni. Maana alijua: mdai asipoonekana, halipwi, na mvua haimsubiri mtu.

Sasa enyi mliokuwa mkimwambia Mama Kidoa apunguze sauti, sikilizeni. Alipanda juu ya paa la duka, akapanua kifua, akapiga yowe. KEKEKEKEKE! Kanga wote wa mashamba ya juu wakasikia. KEKEKEKEKE! Kanga wote wa mashamba ya chini wakasikia. KEKEKEKEKE! Gulio zima likaacha kuuza na kununua, likaja mbio, na Nungunungu mbele yao, miiba imesimama.

Wakamwahi Kenge ukingoni, kidole kimoja kimeshagusa maji. Kanga huku, kanga huku, Nungunungu mbele na miiba yake. Hapitiki! Wakaanza kuimba, wanakanyaga chini:

"Pokea, Kenge, pokea!
Mtama huu, pokea!
Wingu limefika, pokea!
Bei ya mwiko, pokea!"

Kenge akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu. Watu wote wanamtazama yeye. Akatoa kibaba kwapani, kimelowa jasho. Mama Kidoa akamimina mtama, akajaza mpaka ukafanya kilima juu.

"Sema!" akaamrisha.

"Umemaliza," akanong'ona Kenge.

"Nimemaliza nini? Paza sauti, hata mimi napaza!"

"Umemaliza sufuria."

"Na nini?"

"Na mwiko."

"Na nini tena?"

"Na... hakuna tena! Hakuna kitu! Niacheni!"

Hapo hapo tone la kwanza likadondoka, to! Likatua juu ya pua ya Kenge.

Kule dukani mtungi ukapasuka. Riba likatoka limesinyaa, ngozi inaning'inia, siku zote limezitapika. Likanusa njia ya kwa Mama Kidoa: hamna deni. Likanusa njia ya kwa Nungunungu: kule lilishakula, hamna kilichobaki. Njaa inaliuma. Likafuata njia ya mtoni, likamwona aliyekuwa akilifuga. "Bwana wangu," likasema, "nipe chakula." Kenge akaruka majini, chubwi! Riba nyuma yake, chubwi! Na mpaka leo, ukipita karibu na mto, kenge akisikia tu nyayo zako anatumbukia majini. Anadhani ni Riba linakuja.

Mvua ikanyesha, na chini ya kichaka, ndani ya majani makavu, yai la kwanza likapasuka. Kisha la pili. Kisha yote, kwa fujo, vifaranga wanatoka wanapiga kelele kama mama yao. Mama Kidoa akalia kwa furaha, hakuona haya, akawakumbatia kwa mbawa zote mbili asijue aanze na nani.

Harusi ikafanyika. Pilau likapikwa, wakwe wakala mpaka wakafungua mishipi. Nungunungu akapewa ukoko wote aupendao, na gulio zima likamchangia mbegu za muhogo akapande upya. Na wale majirani, tangu siku ile, Mama Kidoa akipiga kelele alfajiri, wanageuka tu upande wa pili na kusema, "Mwacheni, anafanya kazi."

Basi jamani, ndugu zangu, ukiambiwa riba hakuna, uliza imelala wapi. Uliza inaamka lini. Na ulichopewa juu ya bei, uliza kwa mdomo wako, mbele ya watu: hiki ni changu, au nitakilipa? Usiseme nitamaliza siku ya mwisho, maana siku ya mwisho mwenye duka hukimbilia mtoni.

Ngano yangu imefika, imekaa kitako, imenyoosha miguu. Aliyeipenda na aibebe, anipe ahsante na kipande cha muhogo wa kuchoma, hicho hapo kwenye makaa nakiona tangu mwanzo. Nami nikisema ngano ni bure, ni bure kweli. Asubuhi sitakuja kugonga mlango wa mtu.