Lukwale, Msigalo na Nyota Isiyo na Kwao

Sikilizeni, watu wa Mbwilo, mlioketi na mliosimama, mnaosikia vizuri na mnaojifanya hamsikii. Hii ni habari ya zama za mababu wa mababu, kabla nchi hii haijaitwa Mbwilo, kabla ukoo wowote haujajua mpaka wa shamba lake, wakati watu wote wa nyanda za juu walipokuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri moja lililojengwa juu ya kilima chekundu. Ni habari ya Lukwale mwana wa Sangamo, Sangamo mwana wa Mwiponda, Mwiponda mwana wa Nambije, bibi yule aliyetoka mawio ya jua akiwa amebeba moto kichwani ndani ya chungu na asiungue hata unywele mmoja. Lukwale, Bega-la-Mlima, aliyezaliwa na meno yote, aliyeng'oa mti mzima na mizizi yake ili apate kijiti cha kuchokolea meno hayo. Huyo ndiye baba wa taifa letu. Nitamsifu panapostahili sifa, na pasipostahili nitasema vilevile, na mwenye kuchukia na achukie. Mimi mwenyewe nimeshachukia tangu sijafungua kinywa.

Enzi hizo Mungu hakuwa bahili wa nguvu, na Lukwale hakuwa peke yake. Alikuwapo Nasike, Mama-wa-Pumzi, aliyepuliza tanuri kwa kifua chake wakati wanaume wenye mivukuto walikuwa wamelala chali kwa uchovu. Alikuwapo Mjelwa, Jicho-la-Kipanga, aliyeweza kumwona sisimizi akipanda mlima wa pili na kukwambia kama alikuwa anachechemea. Hao watatu waliishi pamoja, wakala pamoja, na nchi ikalala usingizi kwa sababu yao. Na alikuwapo wa nne, Msigalo, Mkono-wa-Makaa, aliyeshika chuma kilichoyeyuka kwa viganja vitupu akakikanda kama mfinyanzi akandavyo udongo. Huyo hakuwa na baba anayejulikana. Jina lake halikutajwa kilimani ila kwa kutukanwa, nanyi mtajua kwa nini.

Ziwa lililokuwa juu ya mlima lilipasuka siku moja, maji yakaanza kuteremka kuelekea vijijini, na watu wakasimulia ya kwamba Lukwale alisukuma mwamba mkubwa kuliko nyumba ya mtemi, akaliziba ziwa kwa bega lake, akaokoa kila mwenye pumzi. Ndivyo walivyoimba, na kwa wimbo huo wakamfanya mkuu wao. Muda si mrefu Msigalo akaja kwa hasira, akayatia moto maghala ya ukoo wa Sangamo, na ndani ya ghala moja alikuwamo Sekela, mama yake Lukwale, akaungua hadi kufa. Watu wakasema ni wivu. Wakamfukuza Msigalo kwa mawe mpaka Uwanda wa Majivu, ambako hata nyasi hazikubali kuota, na hakuna aliyemuuliza neno lolote.

Basi Mjelwa akainua macho mchana kweupe, akaona nyota isiyo na kwao. Nyota zote zina mahali pake, nazo hulala pale zilipolala jana. Hii haikuwa na mahali, ilikuwa inakuja, na kila ilipopita ilimeza nyingine. Mwezi ulipochomoza ulikuwa umeng'atwa pembeni, na haukujaa tena. Maji yakatetema mitungini bila kuguswa, ng'ombe wakakataa kulala, mtama ukakauka ukiwa bado na maua. Mjelwa akatangaza mbele ya watu wote, "Hii haiji kuila nchi yetu tu. Inaila dunia, pamoja na nchi ambazo hatujui hata majina yake, na mvua zijazo hazitamkuta mtu." Akasema pia ya kwamba nyota hiyo ilikuwa na moyo, kidoa cheusi kilichokuwa kikidunda katikati yake, na kidoa hicho kikichomwa ingepasuka.

Wakaamua kufua mkuki wa chuma, mrefu kama mto, usio na ufa hata wa kupita jasho, na Lukwale ndiye angeutupa.

Lakini chuma cha wahunzi wetu kilikuwa na mwiko mmoja, nao ulihusu hasira. Kwa watu wengine mwenye hasira hakaribii tanuri. Kwetu aliruhusiwa, ila aliyeificha hasira yake ndiye aliyeharibu kazi. Kabla moto haujawashwa, kila mwenye jambo alitia maji kinywani, akasimama uso kwa uso na aliyemkosea, akayatema maji chini kati yao, akasema kilichomuuma bila kukipamba. Aliyeambiwa alijibu "Ni kweli" au "Si kweli", basi. Hakuna aliyelazimishwa kusamehe. Tanuri halikuuliza kama watu wanapendana, lilitaka wasidanganyane. Kinyongo kikimezwa, au jibu likiwa la uongo, chuma kilitoka na ufa, hata kama kilipulizwa na Nasike mwenyewe.

Siku ya kufua mkuki watu walitema maji tangu asubuhi. Mke alimwambia mume, jirani alimwambia jirani, na mambo ya kuku na mipaka yakamwagika pale mpaka udongo ukawa tope. Ikafika zamu ya Lukwale. Akasimama na utukufu wake wote, akasema, "Mimi sina kinyongo na mtu." Watu wakamshangilia kwa moyo wake mkubwa. Nasike akapuliza, chuma kikatiririka, mkuki ukatoka, na kabla haujapoa ukalia kwa sauti kali ukapasuka kuanzia ncha mpaka mpini.

Mnajua walifanya nini mababu zenu? Walianza kumtafuta mwongo miongoni mwa wadogo. Wakamshika mjane mmoja kwa kuwa alizoea kunyamaza, wakamtikisa mpaka kilemba kikaanguka. Wakamgeukia mfinyanzi mwenye kigugumizi. Wakafua tena, ukapasuka tena, wakasema labda ni Nasike, kwa kuwa mwanamke hapaswi kulipulizia tanuri, ingawa aliwapulizia maisha yao yote nao wakalimia majembe yaliyotokana na pumzi zake. Nyota ilikuwa imeshafikia ukubwa wa ungo, na watu wazima na akili zao walikuwa wakimtikisa mjane.

Nasike ndiye aliyekata maneno. Hakutafuta maji, alitema mate makavu miguuni pa Lukwale, akasema, "Ni wewe. Mama yako aliungua, na unatuambia huna kinyongo na mtu. Na liko lingine ambalo mimi silijui, ila naliona likikupanda shingoni kila wanapoimba habari za ziwa. Mlete Msigalo, mseme yenu. Usipomleta, sipulizi tena."

Watu wakaguna kwa jinsi mkuu alivyosemwa. Lukwale akateremka kilima peke yake, akavuka mito miwili iliyokuwa inachemka, akamkuta Msigalo katikati ya Uwanda wa Majivu akikanda jiwe jekundu ili apate mahali pa kuegemea.

"Nyota inakuja, Msigalo," akasema. "Twende tukaseme yetu."

"Umekuja kuomba mikono, au umekuja kusema?"

"Vyote viwili."

"Mimi sikupendi, Lukwale."

"Wala mimi sikupendi."

Hawakupeana mkono. Waliongozana mpaka kilimani, mmoja akitembea upande huu wa njia na mwingine upande ule, na watu walipomwona Msigalo wakaokota mawe, kisha wakakumbuka nyota iliyo juu ya vichwa vyao, wakayashika mkononi bila kuyatupa.

Wakasimama mbele ya tanuri, uso kwa uso. Msigalo akatema maji kati yao, na maji yakafuka mvuke kwa joto la kinywa chake. Akasema, "Siku ya ziwa ni mimi niliyeingia chini ya maji. Niliyeyusha mwamba kwa mikono hii, nikauunga penye ufa, mpaka maji yakakoma. Wewe ulisukuma jiwe la juu kazi ikiwa imekwisha. Nilipotoka majini sina ngozi mgongoni, nilikukuta juu ya mabega ya watu. Ulinitazama, ukageuza uso. Hiyo ndiyo hasira yangu."

Wazee wakamkimbilia Lukwale wakimwambia kwa sauti ya chini, "Baba, sema si kweli, yaishe." Naye akasita. Nawaambieni bila kumficha, Bega-la-Mlima alisita, mbele ya dunia nzima iliyokuwa inaungua, kwa ajili ya jina. Alijua ya kwamba akikubali, hakuna tena wimbo, hakuna tena ukuu, na ukoo wa Sangamo utakuwa ukoo wa mwongo. Jasho lilimtoka kama mtu anayebebeshwa mlima wa kweli. Kisha akasema, "Ni kweli."

Hapo naye akatia maji kinywani, akayatema. "Mama yangu Sekela alikuwa na homa," akasema. "Alikuwa amejilaza ghalani kwa sababu ndani ya nyumba palikuwa na joto. Hakukukosea chochote. Ulimchoma kama nzige."

Msigalo akamjibu, "Ni kweli. Nilimsikia akikohoa, na sikuuzima moto."

Lukwale akainua ngumi iliyoweza kusaga mwamba. Kilima kizima kilimwona akiiinua, na Msigalo hakurudi nyuma wala hakujikinga. Nasike hakusogea kutoka alipokuwa. Akasema, "Mmeshasema. Fanyeni kazi." Na ngumi ikashuka polepole, ikashika koleo.

Ndipo kazi ikafanyika kama haijawahi kufanyika. Nasike alipuliza mpaka damu ikamtoka puani, moto ukawa mweupe, chuma kikatiririka, na Msigalo akakipokea kwa viganja, akakinyoosha na kukisokota, akakipa ncha kwa kukibana kati ya vidole viwili. Mkuki ukatoka bila ufa. Mjelwa akaukagua kuanzia mwanzo mpaka mwisho, asione ufa hata mwembamba kama unywele. Lakini Msigalo hakuuachia. Akasema, "Huko juu kuna baridi. Mkuki huu ukipoa njiani utapasuka. Lazima mtu aushike mpaka uingie."

Hakuna aliyeuliza ni nani, kwa kuwa mikono ya aina hiyo ilikuwa ya mtu mmoja.

Lukwale akamwambia, "Nitakutupa. Ila sijakusamehe."

Msigalo akasema, "Nitupe vizuri."

Mjelwa akaelekeza, Lukwale akarudi nyuma hatua chache, miguu yake ikazama kilimani mpaka magotini, akautupa mkuki pamoja na mtu aliyeushika, na bega lake likachomoka mahali pake kwa mlio uliosikika mpaka mabondeni. Mjelwa peke yake ndiye aliyeona mwisho. Alisema mtu yule hakuachia mkuki, hata ulipoingia katika moyo wa nyota, hata alipoingia nao. Kisha mbingu ikapasuka kwa mwanga mwekundu, nyota isiyo na kwao ikavunjika vipande vipande, mvua ya mawe meusi ikaanguka juu ya nchi, na maji ya mitungini yakatulia.

Dunia ikapona. Na watu wakaleta ngoma. Watu walewale, waliosikia kwa masikio yao mbele ya tanuri, siku ileile, wakapanda kilima wakiimba Lukwale, Lukwale peke yake, aliyeziba ziwa na kuua nyota. Jina la Msigalo halikuwamo. Lilikuwa halipatani na ngoma, nadhani.

Lukwale alikuwa bado amesimama, amezama magotini, damu ikimchuruzika ubavuni. Akaomba maji. Wakafikiri ana kiu, wakamletea kwenye kibuyu cha heshima. Akayatia kinywani, akayatema chini, kati yake na wao wote.

"Nina hasira nanyi," akasema. "Siku ya ziwa mlikuwa ukingoni. Mlimwona akitoka majini bila ngozi, mkaninyanyua mimi, kwa kuwa mimi ni mwana wa Sangamo na yeye si mwana wa mtu mnayemjua. Uongo ulikuwa wangu, lakini wimbo ni wenu. Mlimwona. Jibuni."

Ngoma zikanyamaza. Kila mmoja akamtazama mwenzake, kila mmoja akamngoja mwenzake aanze. Udongo ulikuwa bado na moto wa nyota, na maji yale yakaanza kukauka kuanzia pembeni, yakapungua, yakawa doa, doa likatoweka. Ndipo mpiga ngoma mmoja mzee akaiweka ngoma yake chini, akasema, "Ni kweli. Nilimwona." Mjane yule aliyetikiswa akasema, "Ni kweli," na baada yake wengine, mmoja mmoja, wengi wakilia. Wasiotaka kusema walibeba ngoma zao wakateremka upande wa pili wa kilima, wakawa watu wengine, na hadi leo wanaimba jina moja.

Sisi ni watoto wa wale waliojibu, na ndiyo maana katika nchi hii mtu akitemewa maji mbele ya watu sharti ajibu kabla hayajakauka. Mnajivunia sheria hiyo. Nimewasikia mkiwasimulia wageni kwa vifua vilivyojaa. Basi waambieni na hili: yule mpiga ngoma aliposogea karibu ili aambiwe kwamba amesikika, alikuta macho ya Lukwale yako wazi na kifua hakipandi. Tulijibu, ndiyo. Tulimjibu maiti.