Bi Kindi, Fisi na Kinu cha Ufuta

Paukwa?

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Sema wewe, sisi tumeshakaa.

Haya. Mwalimu wenu kaniita niwape mawaidha ya kazi, ninyi wasichana mnaotaka kuwa mawakili wa mambo ya kufilisika. Mawaidha sina. Nina hadithi, na hiyo yenyewe inanichanganya.

Palikuwa na Mzee Nungunungu, mwenye kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta. Ngamia alikizungusha kutwa, kwiii, kwiii. Mzee akakopa ufuta kwa Mama Njiwa, akakopa kwa Kwale, akakopa kwa Fisi. Mafuta yakachacha, wateja wakamkimbia, Mzee akafilisika. Akakaa kando ya kinu analia, hajui aanze kumlipa nani.

Fisi akaja. "Kinu changu. Nakipasua kuni."

"Bwana Fisi," akasema Mama Njiwa, "ukikipasua, sisi wengine tutalipwa na nini? Nina makinda."

"Kinu changu."

Wanyama wakaona aitwe mfilisi, yule anayesimamia mali ya aliyefilisika ili kila anayedai apate haki yake. Wakamwita Bi Kindi. Siku ya kikao akawahi. Fisi akamkuta barazani, hapo kinuni, kadogo, mkia juu.

"Binti, mfilisi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Hi hi hi, Fisi akacheka. "Haya, lete kahawa. Mkubwa wako akifika uniambie."

Bi Kindi alikasirika mpaka manyoya yakamsimama. Lakini akachukua dele la kahawa, akamimina, chururu. Fisi akanywa, akamgeukia Ngamia.

"Unajua, yule mzee haoni vizuri. Nilimpa magunia ya makapi, juu nikatandaza ufuta kidogo."

Bi Kindi akamwongeza, chururu.

"Mfilisi hajaja tu?"

"Yupo, bwana."

Kikao kikaanza. Bi Kindi akaweka dele chini, akaketi kiti cha mbele. Fisi akamwangalia, akaona labda anamshikia mtu nafasi.

"Nauliza," akasema Bi Kindi. "Kinu kiendelee kuzunguka, na kila mmoja arudishiwe kilekile alichotoa. Mnakubali?"

"Nakubali," akasema Mama Njiwa, "hata nikingoja mavuno."

"Nakubali," akasema Kwale.

Fisi akawaza: nilitoa makapi, nitapewa ufuta. "Nakubali. Ila mimi nilipwe leo."

"Unasema mbele ya wote?"

"Mbele ya wote."

"Ngamia, mletee Bwana Fisi makapi yake."

Puu, puu, magunia yakatua miguuni pake. Fisi akageuka huku, akageuka kule. "Nani kasema makapi?"

"Wewe," akasema Ngamia, "ulipokuwa unakunywa kahawa."

Fisi akajitwika makapi yake. Langoni akamkuta Bi Kindi anakusanya vikombe.

"Binti, mfilisi akija, mwambie nimeonewa."

"Nitamwambia, bwana."

Na kinu kikaendelea, kwiii, kwiii.

Funzo sasa. Wasichana wangu, kazini msikubali kutumwa kahawa. Au mkubali? Sijui. Mimi mpaka leo nikiingia kikaoni naulizwa wakili yuko wapi, inaniuma, na bado sijui kama nilie au nicheke.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ikikufaa ibebe, isipokufaa niachie mwenyewe. Ila kabla hatujatoka, yule aliyekuwa akitumiminia kahawa hapa yuko wapi? Njoo, mwanangu, kaa mbele. Niambie umesikia nini.