Mkono wa Mzee Pandu

Paukwa!

— Pakawa!

Nyumba!

— Ya fundi.

Udongo!

— Wa mguu.

Nyie wa nyuma mmeitika kama mmekula ugali wa jana. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Sasa mko nami.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha mafundi wa nyumba. Fito zikigongwa, ko! ko! ko! Udongo ukikanyagwa, chwa! chwa! chwa! Ukuta ukikandikwa, pa! pa! pa! Hicho kilikuwa kijiji chetu, na nasema kwa kifua mbele, hapakuwa na watu waliojua kujenga kutushinda sisi.

Na mila yetu ilikuwa hii. Nyumba mpya ikiisha, haingii mtu. Kwanza anaitwa bibi mmoja mzee, Bibi Mwanamize. Anafungwa kitambaa machoni. Anashikwa mkono mpaka mlangoni, anaachwa. Bibi anaingia peke yake, papasa, papasa, papasa. Anapapasa kizingiti, anapapasa ukuta, anapapasa dirisha. Kisha anatoka na kutaja jina la fundi.

Akitaja jina lako, wewe ni fundi. Akitaja la mwingine, bado. Unajaribu tena. Lakini mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukikosa hapo, unarudisha timazi yako, lile jiwe la kambani la kunyooshea ukuta, na unakuwa mkanyaga udongo wa wenzako mpaka uzee wako.

Basi palikuwa na kijana, jina lake Pandu. Alifunzwa kazi na Fundi Mkadam, na Mkadam ndiye aliyempa timazi. Pandu aliipenda kazi hiyo kuliko chakula. Akajenga nyumba yake ya kwanza. Ko! ko! ko! Chwa! chwa! chwa! Mlango kama wa Mkadam, baraza kama ya Mkadam, hata ule mtindo wa Mkadam wa kufunga fito kwa mafundo mawili.

Bibi Mwanamize akaingia. Papasa, papasa. Akatoka.

"Mkadam," akasema.

"Hapana, Bibi," watu wakamwambia. "Ni Pandu."

"Mkono wangu haudanganyiki. Hii ni nyumba ya Mkadam, ila alipoijenga alikuwa na homa."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wahenga wamesema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Pandu akafunga safari. Akaenda kwa watu wa mlimani, akaona mapaa yao yanayoshuka karibu na ardhi. Akaenda kwa watu wa pwani, akaona vidaka vyao, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu. Akaenda kwa wafugaji, akaona milango yao ya kuinama. Akarudi na kichwa kimejaa. Akajenga nyumba ya pili, akatia vyote.

Bibi akaingia. Papasa, papasa, papasa. Alikaa humo mpaka watu wakaanza kusinzia. Akatoka anajifuta udongo mikononi.

"Nimemkuta mtu wa mlimani," akasema. "Nimemkuta mtu wa pwani. Nimemkuta na mfugaji. Wageni wote nimewasalimia. Mwenyeji yuko wapi?"

Safari hii Pandu hakusubiri vicheko. Alikwenda kwa mama yake, Bi Kazija, akakaa chini asile wala asinywe.

"Mama, imebaki moja. Nikikosa, timazi inarudi kwa Mkadam."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," mama akamwambia. "Kula kwanza."

Masika ikaingia. Mvua ikapiga, shaa! shaa! shaa! Ukuta wa Bi Kazija ukalala chini, puu! Mama akabaki hana nyumba, wakajihifadhi kwa jirani. Basi nyumba ya tatu ikawa ya mama.

Pandu akashika kijiti, akaanza kuchora mchangani. Akachora mlango mpana, akafuta. Akachora vidaka, akafuta. Mama akasimama nyuma yake, anamtazama.

"Mwanangu, unamjengea nani?"

"Nakujengea wewe, mama."

"Mbona kila ukichora unasema, Bibi atapapasa hapa, Bibi atapapasa pale? Kwani Bibi Mwanamize ndiye atakayelala humo?"

Pandu akaona haya. Kijiti kikamtoka mkononi. Kuanzia hapo hakuchora tena. Akawa anakaa tu, anamtazama mama yake. Akaona goti lake la kulia haliinuki vizuri. Akaona akiamka alfajiri anashika ukuta kwa mkono wa kushoto mpaka jikoni. Akaona akipika hukaa kwenye kibao, na hunyanyuka kila mara kwa taabu, apate kuchungulia nani anapita na kumsalimu. Miaka yote ameishi na mama huyu, na hayo hakuwahi kuyaona!

Akajenga. Ko! ko! ko! Kizingiti akakishusha chini kwa ajili ya goti. Chwa! chwa! chwa! Ukuta ungali mbichi, akabonyeza kiganja chake, akavuta mfuo mmoja mlaini kutoka kitandani mpaka jikoni, mkono wa mama upate pa kupita. Pa! pa! pa! Dirisha la jikoni akaliweka chini, mama aliyekaa aone wapitao. Kuta alizinyoosha kwa timazi, kama Mkadam alivyomfunza. Paa alilishusha kama la watu wa mlimani, upande ule tu mvua inakotokea.

Bibi Mwanamize akaja. Akafungwa kitambaa. Akavuka kizingiti bila kujikwaa. Papasa, papasa. Mkono ukaingia kwenye mfuo, ukasimama. Ukaenda. Watu nje wamerefusha shingo. Mkadam kasimama kando, mkono tayari kupokea timazi. Bi Kazija kafumba macho.

Bibi akatoka.

"Siijui," akasema.

Loo! Watu wakaguna. Pandu akaivua timazi shingoni, akaanza kumwendea Mkadam.

"Wewe, unakwenda wapi?" Bibi akamkemea. "Sijamaliza! Nimepapasa kila ukuta wa kijiji hiki, hakuna mkono nisioujua. Huu siujui. Ukuta umenyooka kama wa Mkadam, lakini si Mkadam. Paa ni la mlimani, lakini si mtu wa mlimani. Na humo ndani mkono wangu haukutafuta kitu. Kila nilichohitaji nilikikuta kinaningoja. Nani huyu?"

"Ni Pandu," Mkadam akajibu kwa furaha. "Ni mwanafunzi wangu mimi!"

Vigelegele! Mpaka kuku wakaruka juu ya paa.

Sasa sikieni vituko vya watu wetu. Baada ya hapo kila fundi akawa anachora mfuo ukutani. Chande, mrefu kama mnazi, naye akachorewa chini vilevile kama wa Bi Kazija, akawa anatembea nyumbani mwake kainama, eti ndio ufundi wa siku hizi. Pandu akamwambia, "Simama wima, ndugu yangu. Ule mfuo ni wa mkono wa mama." Akaenda kukaa kwa Chande akimtazama anavyoishi, akamjengea nyumba isiyo na mfuo hata mmoja. Bibi alipoipapasa hakufika hata jikoni. "Pandu!" akaita.

Miaka ikapita. Bibi akafariki. Pandu akawa Mzee Pandu, na sasa ni yeye anayefungwa kitambaa. Alikuwa na mwanafunzi, binti hodari, jina lake Siwema. Nyumba yake ya kwanza, mzee alipapasa akasema, "Pandu." Ya pili, "Pandu." Na Siwema akajivuna! Kufananishwa na Mzee Pandu si jambo dogo. Mzee mwenyewe akarudi nyumbani kwa huzuni.

"Mwanangu," akamwambia, "timazi yangu utaichukua siku moja. Macho yangu niachie, wewe tazama kwa yako."

Nyumba ya tatu Siwema alimjengea dada yake, mjane mwenye watoto wengi wasiotulia. Mzee akaingia. Papasa, papasa. Akatafuta kona, hakuna. Papasa. Ukuta unazunguka, unazunguka, mtoto akikimbia haumii popote. Mzee akazunguka nao mpaka akajikuta tena mlangoni.

Akatoka na machozi.

"Siijui!" akapaza sauti. "Jamani, siijui!"

Na safari hii hakuguna mtu. Kijiji kizima kiliinuka kwa shangwe, na mzee akaketi kizingitini akicheka na kulia, akaivua timazi ya Mkadam, akamvika Siwema.

Ndiyo maana mpaka leo, fundi wa kwetu akimaliza nyumba haombi aambiwe nzuri. Anaomba aambiwe, siijui. Kazi utafunzwa na mwalimu, lakini mkono wako utaupata kwa kumtazama yule unayemjengea.

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini. Anayetoka ainue mguu.