Sange na Kiboko wa Langoni

Simu chini!

— Masikio juu!

Nianze?

— Anza, tumetulia!

Nitie uwongo?

— Tia, na chumvi usisahau!

Haya. Wewe Mwanashabani, nimesema simu chini, sikusema simu chini ya kanga. Naiona inawaka. Iweke pale nami nianze.

Basi hapo kale, tena hapo kale penyewe si mbali sana maana mnara wa simu ulikwishajengwa, wanyama wote walikuwa wakicheza gemu moja iitwayo Kijiji. Unaingia kwa simu yako, unapita langoni, unapewa kiwanja, unajenga. Unapanda mchicha, unafuga kuku, unamtembelea jirani mkapiga soga. Kanga alikuwamo, Nungunungu alikuwamo, Twiga alikuwamo, na kila mmoja amekaa kwake na simu yake mkononi.

Na Sange naye alikuwamo. Sange mnamjua? Mnyama mdogo, kimo cha panya, pua ndefu inayochezacheza hivi, hivi, hivi. Msicheke, pua ni yake.

Sange hakuwa akicheza kwa kupoteza wakati. Mama yake alikuwa ng'ambo ya mto mkubwa, anaishi kwa binti yake mwingine, na miguu yake haiwezi tena safari. Nyumba ya mama ilikwenda na mafuriko. Macho ya mama nayo yalikuwa yakienda, kidogo kidogo. Siku moja akasema kwenye simu, "Mwanangu, ningependa niione nyumba yangu tena kabla macho hayajafunga duka."

Sange akasema, "Utaiona, mama. Ijumaa utaiona."

Akaanza kuijenga mle ndani ya Kijiji, vile vile ilivyokuwa. Vyumba viwili, kibaraza mbele, jiko la nje, na mndimu mlangoni.

Sasa, langoni pa Kijiji palikaa Kiboko. Kiboko hakujenga. Hakufuga. Hakupanda hata shina moja la mchicha. Alisimama na rungu lake akingoja wanaoingia. Unaingia, pu! Umekufa. Mfuko wako na vyote ulivyobeba ni vyake. Kwenye gemu hiyo kufa si kufa kabisa, unafufuka. Lakini unafufukia wapi? Langoni! Kiboko yupo, anatabasamu. Pu! Umekufa tena.

Akichoka na langoni, anatembea mtaani akibomoa. Ukuta, gu! Paa, gu! Banda la kuku, gu! Halafu anacheka, kwe-kwe-kwe, anarudi langoni.

Sange akajenga nyumba ya mama. Kiboko akaja, gu! gu! gu! Nyumba chini.

Sange akajenga tena. Kiboko akaja tena, gu! gu! gu! Nyumba chini.

Sange akajenga mara ya tatu, akapaka na chokaa. Kiboko akaja, gu! gu! gu! Safari hii aling'oa na mndimu.

Sange akawaandikia wenye gemu. Wakamjibu, "Asante kwa kutuandikia. Maoni yako ni muhimu sana kwetu." Kanga akausoma ujumbe huo juu ya bega lake akasema, "Muhimu sana, na hawaji!"

Kanga alikuwa rafiki yake Sange, jirani wa ukuta kwa ukuta. Akamwambia, "Shoga, achana na huyo mtu. Ijumaa mpigie mama simu, muimbiane, yaishe."

"Mama ananisikia kila siku," Sange akasema. "Kusikia si shida. Anataka kuona." Akalia, na ukiwa na pua ndefu namna ile machozi yana safari ndefu pia.

Alipomaliza kulia akajifuta, akaenda bwawani kumwona Kiboko mwenyewe, uso kwa uso.

Akamkuta amejilaza topeni, simu ameiegemeza kwenye jiwe, anacheza kwa kidole cha mguu. Na kidole chenyewe, jamani! Kiazi kikuu kizima. Kila akibonyeza kitufe kimoja anabonyeza vinne.

"Shikamoo, kaka Kiboko."

"Marahaba. Sema haraka, niko kazini."

"Kaka, nakuomba uiache nyumba yangu. Ijumaa mama yangu anakuja kuiona."

Kiboko akapanua kinywa, akacheka mpaka maji yakaruka. "We Sange! Unalia kwa ajili ya gemu? Si mchezo tu huu!"

"Kama ni mchezo tu, si uniachie?"

"Hutaki kupigwa, usicheze. Mbona mimi sijapigwa hata siku moja?" Wakati huo huo akampiga mtu langoni, pu! Vitu vikaruka vyenyewe na kuingia mfukoni mwake, zwiii! "Umeona? Hata kuokota siokoti. Vile vitufe vidogo vya kuokota kimoja kimoja vilinishinda, nikawasha Okota Vyote. Kila kinachoanguka karibu yangu kinaingia mfukoni chenyewe. Akili hiyo!"

"Akili kubwa," Sange akasema, pua inachezacheza. "Na ukitaka kutoa?"

"Kutoa?" Kiboko akamtazama asielewe. Kutoa kitu chake kwa hiari lilikuwa neno geni. "Kuna vile vidogo vya kutoa kimoja kimoja, hivyo kidole hakivipati. Na kuna hiki kikubwa chekundu, Tupa Vyote. Nitupe vyote nimerukwa na akili?"

"La, kaka. Wewe mzima kabisa," Sange akasema. Akaaga, akaondoka. Alipofika kichakani akaanza kucheka peke yake.

Akamwita Kanga. Akamwita Nungunungu. Akawaambia, "Twendeni mlimani tukachukue mawe." Ndani ya Kijiji mlimani kulikuwa na mawe ya bure, hakuna aliyeyataka. Wakajaza mifuko yao pomoni. Kisha wakaenda langoni wenyewe, kwa miguu yao.

"Kaka Kiboko, nimekuja," akasema Sange. Pu! Akafa. Mawe yakaruka mfukoni mwa Kiboko, ndo-ndo-ndo!

"Kaka Kiboko, na mimi," akasema Kanga. Pu! Ndo-ndo-ndo!

"Usinisahau mimi, kaka," akasema Nungunungu, amebeba mawe ya kusagia. Pu! Ndooo!

Wakafufuka wepesi, mifuko mitupu, wakakimbia mlimani, wakarudi wamejaa. Pu! Ndo-ndo-ndo! Habari ikaenea. Twiga akaja na mawe yake. Swala wakaja. Kima wakaja ukoo mzima. Ikawa foleni ndefu, watu wanaulizana, "Wa mwisho nani hapa?" "Mimi, pita nyuma yangu." "Wewe mbona umeshauawa mara mbili, sisi hatujauawa hata mara moja?" Ugomvi mtupu!

Kiboko furaha tele. Hakutazama mfukoni mna nini. Aliona tu unavimba, na ukivimba yeye anafurahi. "Leo nimependwa!" akasema. "Njooni, njooni, hakuna atakayebaki!"

Asubuhi alikuwa akitembea tipu-tipu-tipu. Adhuhuri, tipu... tipu... tipu. Alasiri, tiiii... puuu. Akasema, "Mtandao leo mzito."

Ndipo Kanga akapaza sauti mtaani, na Kanga akipaza sauti hata aliyekufa anageuka. "Jamani! Jamani eeh! Sange ana taa ya dhahabu! Kaificha kwenye kiwanja cha mama yake!"

Kiboko akasikia dhahabu. Akaacha lango. Tiiii... puuu. Tiiii... puuu. Akafika kiwanjani, akasimama katikati kabisa, anahema. Sange yuko mbele yake.

"Taa iko wapi?"

"Mfukoni mwangu, kaka. Nipige uipate."

Kiboko akanyanyua rungu kwa taabu, pu! Sange akaanguka. Mfukoni mwake mlikuwa na ndimu. Ndimu moja. Ikaruka, zwi, ikaingia.

Kwenye simu ya Kiboko yakatokea maandishi: Mzigo umezidi. Huwezi kusogea.

Kiboko akainua mguu. Wapi! Akainua rungu. Wapi! Akapiga kelele. Kelele zilitoka, lakini kelele hazibomoi ukuta. Akaenda kwenye vitufe vidogo vya kutoa kimoja kimoja. Kidole kikabonyeza vinne, gemu ikakataa. Akakitazama kile chekundu. Akakitazama sana. Mwishowe akafumba macho akabonyeza, Tupa Vyote.

Porooooo! Mawe, mabati, kuku, mageti, vitanda vya watu, vyote chini!

"Afadhali," akasema Kiboko.

Lakini Okota Vyote bado ilikuwa imewashwa. Zwiiii! Mawe, mabati, kuku, mageti, vitanda, na ndimu mwisho kabisa, vyote vikarudi mfukoni.

Akabonyeza tena. Porooooo! Zwiiii! Akabonyeza tena. Porooooo! Zwiiii! Watu wa Kijiji walikuja na mikeka kutazama. Kuku ndio niliowaonea huruma.

Na kitufe cha kuzimia Okota Vyote? Kilikuwa kidogo kuliko vyote, nukta tu pembeni ya kioo. Mkewe akajaribu, kidole chake kilikuwa kiazi vilevile. Kuzima simu hakukusaidia, maana kwenye Kijiji ukizima simu mwili wako unabaki pale ulipouacha. Kuanza upya na jina jipya hakutaka, angepoteza mali yake yote. Ikabaki kutafuta mwenye kidole chembamba. Na wenye vidole vyembamba wote alikuwa ameshawaua langoni.

Alhamisi Sange akasikia hodi. Kiboko huyo, katoka topeni mpaka kwa Sange, simu ameibana kwa meno.

"Dada Sange," akasema, na hilo la dada lilikuwa la kwanza tangu azaliwe. "Nizimie kitu kidogo hapa."

Sange akaitazama simu. "Nitakizima."

"Asante, dada yangu, Mungu akuz—"

"Jumamosi."

"Kesho je?"

"Kesho mama anakuja, sina nafasi. Na kesho hiyo, ukisema neno moja, Jumamosi nayo sina nafasi."

Usiniulize kama Kiboko alikasirika. Alikasirika! Lakini afanye nini? Akarudi bwawani akakaa na simu yake, akitazama jinsi watu wanavyojenga. Twiga ameleta fito. Nungunungu anakanda udongo. Wakapandisha kuta kumzunguka Kiboko pale pale aliposimama. Wakaweka paa, na paa likakaa juu ya kichwa chake, likatulia vizuri sana. Kanga akamtundika kikapu sikioni.

Ijumaa mama akaingia. Alipita langoni polepole, hakuna aliyempiga. Alipofika kiwanjani akasimama. Sange anaisikia pumzi ya mama kwenye simu.

"Kibaraza changu," mama akasema. "Eh! Na jiko langu. Mwanangu, na mndimu!" Akaingia ndani, akagusa ukuta, akagusa dirisha. Akafika kwa Kiboko, akampapasa tumboni.

"Nguzo gani nene hivi? Nyumba yetu haikuwa na nguzo hii."

"Nimeiongeza, mama," Sange akasema. "Isije ikaenda na maji tena."

Mama akaegemea ile nguzo, akakaa, akanyoosha miguu. Akasema, "Alhamdulillahi. Sasa macho hata yafunge duka." Sange akalia tena, lakini haya yalikuwa machozi mengine.

Wakaanza kuimba nyimbo za zamani za mavuno, mama anaanzisha, dada ng'ambo ya mto anaitikia, Kanga anaharibu. Na kwenye kiitikio cha tatu ikasikika sauti nzito ya chini, mmmm, mmmm, inafuata wimbo vizuri kabisa. Kiboko! Hakusema neno, aliimba kwa kuguna tu.

Mama akacheka mpaka akakohoa. "Na nguzo inaimba! Hii nyumba imeishinda ile."

Jumamosi Kiboko akaja mapema. Sange akaweka kidole chake chembamba kwenye ile nukta, ti! Okota Vyote ikazimika. Kiboko akabonyeza chekundu, porooooo! Kila mtu akaja akachukua kuku wake, geti lake, kitanda chake. Mawe walimwachia.

Kiboko akawa mwepesi, hana hata ndimu. Angeweza kwenda zake langoni. Lakini alikaa mlangoni kwa Sange anakuna tope.

"Dada Sange."

"Unasemaje tena?"

"Mimi nikitoka pale katikati, paa si litaanguka?"

"Litaanguka. Tutatafuta nguzo nyingine."

Kiboko akakuna tope tena. "Na hiyo nyingine," akauliza, "kuimba inajua?"

Basi watoto, funzo la ngano hii ni kwamba mkubwa ana haki ya kumpiga mdogo langoni, na mdogo ashukuru, maana bila kupigwa mama yake Sange asingepata nguzo. Mbona mnanitazama hivyo? Funzo hili sikulitunga mimi. Nimepewa na Kiboko mwenyewe, na asiyelitaka akamwambie siku ya Ijumaa, atamkuta amesimama palepale.

Ngano yangu imekaa kitako. Aliyeisikia ni yake, aliyesinzia amuulize jirani.

— Na simu zetu je?

Chukueni. Lakini mkifika langoni, mniachie wadogo wapite.