Mama Pimbi na Programu ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wameshajua kuandika kwa kompyuta lakini hawajazoea kusoma masharti, Mama Pimbi alikuwa ameinama kwenye karai akifua mashuka ya watoto. Fiku, fiku, fiku. Mara Kindi, jirani yake, akaja mbio.

"Mama Pimbi, acha kufua. Kiboko amefunga nyaraka."

"Zipi?"

"Zote zilizoandikwa kwa programu yake na kuhifadhiwa kwake bwawani. Leseni imekwisha leo asubuhi. Ukibofya, kinatokea kichwa chake kinapiga miayo, basi."

Mama Pimbi akakamua shuka, akatazama mawingu. Masika yalikuwa yamebakiza siku moja, labda mbili.

Sikilizeni vizuri hapa, wanangu. Mlima wa pimbi una mapango mia moja na ishirini, na mengi huingiza maji. Baba Pimbi alikuwa katibu wa mlima. Aliyakagua yote kwa miguu yake, akaandika kila familia ilale wapi mvua ikija. Aliandika kwa programu ya Kiboko, kwa kuwa siku zile kila mtu aliandika kwa hiyo. Nakala ya karatasi ililiwa na mchwa. Baadaye mwewe akamchukua Baba Pimbi mwenyewe. Tangu hapo mkewe alifanya kazi za watu wawili, na jioni hakuwa na wa kumsimulia siku ilivyokwenda.

"Kiboko anataka nini?" aliuliza.

"Majani yetu ya bondeni, msimu mzima. Ndipo afungue."

"Na watoto wale nini?"

"Hilo hakulisema."

Mama Pimbi akatia kompyuta yake ndogo kikapuni, akashuka bwawani pamoja na Kindi. Alikuta wanyama wamejaa ukingoni wakibembeleza.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umeleta majani?"

"Sikuleta. Nimekuja kuaga. Nahamia programu ya Mchwa."

Kiboko akacheka mpaka maji yakaruka, chubwi, chubwi. "Ile ya bure?"

"Hiyo hiyo. Wameijenga wengi, kila mmoja na kidonge chake cha udongo. Anayetaka huchungulia ndani, na akiona ufa anaziba."

"Na ikikuharibikia, unampigia nani simu?"

"Namwuliza Kindi. Akishindwa, namwuliza mchwa yeyote aliye macho."

"Majedwali yake yanapinda."

"Kweli, yanapinda kidogo. Na herufi zake si nzuri kama zako. Nimeitumia, najua." Yote hayo yalikuwa kweli, na Mama Pimbi aliyasema bila haraka. "Lakini inaweza jambo moja ambalo yako haiwezi."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Jambo gani?"

"Kuhifadhi waraka kwa mtindo wa wazi, ule unaofunguka kwenye programu yoyote. Yako haiwezi. Si kosa lako, Bwana Kiboko. Ni uzee wa programu."

Nyuma, Ngiri akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

"Nani kasema haiwezi?" Kiboko akanguruma. "Imo. Iko kwenye orodha, chini kabisa. Niliiweka huko kwa sababu hakuna mwenye akili anayeihitaji."

"Sawa, imo." Mama Pimbi akainua kikapu. "Nitawaambia mlimani kwamba imo, ila hatukuiona."

"Kaa hapo hapo."

Kiboko akabonyeza neno la siri kwa kidole kimoja kinene, ta, ta, ta. Kufuli likaachia, kacha. "Taja waraka."

"Labda ule wa marehemu, wa mapango. Lakini ni mrefu, una majedwali. Utakushinda."

"Unishinde mimi?"

"Na uuhifadhi kwenye flashi yangu. Ukibaki kwako, nani atashuhudia?"

Akabofya. Ukahifadhiwa.

"Huo mmoja," alisema Mama Pimbi. "Pengine ni bahati."

"Bahati?" Kiboko akavuta pumzi. Akafungua barua za Ngiri, akahifadhi. Akafungua vyeti vya watoto wa Kanu, akahifadhi. Akaendelea mpaka jua likalala upande na jasho likamtoka. "Mia tatu na kumi. Umeona? Hakuna hata mmoja ulionishinda."

"Nimeona."

Mama Pimbi akachomoa flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akafungua waraka wa mapango kwa programu ya Mchwa. Jedwali lilikuwa limeinama upande, lakini majina yote yalikuwemo.

"Ahsante, Bwana Kiboko. Sasa unaweza kufunga."

Kiboko akamtazama Ngiri, ambaye tayari alikuwa anampangia Kindi foleni ya watu wa kunakili.

"Mama Pimbi, umenichezea."

"Nimekushikia kikapu tu. Kazi umefanya wewe."

Matone ya kwanza yalimkuta njiani. Alipita kila mlango wa pango akisoma: ninyi hameni, ninyi bakini, ninyi nendeni juu kwa shangazi yenu. Watu wakabeba vyungu na mikeka. Mstari wa mwisho ulikuwa wa nyumba yake mwenyewe: "Pango la mia na ishirini. Ukuta wa kaskazini unavuja. Mama watoto asilale upande ule, ana kifua."

Akausoma mara mbili, kimya, kwa kuwa haukumhusu mtu mwingine. Kisha akavuta mkeka wake akauweka upande wa kusini.

Nje mvua ikashuka, shwaa. Akapakua ugali na kunde.

"Mmoja, wawili, watatu, wanne. Wa tano, toa mkono chunguni, nimekuona. Na mimi. Haya, kuleni, tumetimia."

Basi, wanangu, kilicho chako kiweke mahali unapoweza kukifungua bila kumpigia mtu magoti.